Saada Isiyo na Udhu: Namna Inavyosomwa Kimiya ya Imam Ghazali

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kuna kitabu kimoja kidogo kinachotembea sana mikononi mwa vijana wetu waliosoma Kiingereza, na baadhi ya makhatibu nao hukichukua wanapotaka kuzungumza juu ya furaha na maana ya maisha. Kinaitwa The Alchemy of Happiness, na jaladani limeandikwa jina la Hujjatul Islam, Imam Abu Hamid al-Ghazali (R.A.). Ni kitabu cha kusomeka jioni mbili. Maneno yake ni mazuri, mifano yake inaingia moyoni, na mwenye kukimaliza hukifunga akiwa amelainika. Hatuandiki makala haya ili kumkataza mtu kukisoma. Tunaandika kwa sababu hicho si kitabu cha Imam, bali ni vipande vya kitabu chake, na namna vipande hivyo vilivyochaguliwa imekwisha kuzaa ufahamu juu ya saada ambao Imam mwenyewe asingeukubali.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kimiya-yi Saadat kiliandikwa na Imam Ghazali kwa Kiajemi, lugha ya watu wa kwao Tus, baada ya kumaliza Ihya Ulumid Din kwa Kiarabu. Kina utangulizi wa anwani nne: kuijua nafsi, kumjua Mwenyezi Mungu, kuijua dunia na kuijua akhera. Kisha zinafuata nguzo nne, na kila nguzo ina misingi kumi: nguzo ya ibada, nguzo ya muamala, nguzo ya yenye kuangamiza na nguzo ya yenye kuokoa. Aliyepitia Ihya ataona mara moja kwamba ni jengo lile lile lenye robo nne na vitabu 40, ila limepunguzwa na kufunguliwa mlango wa mbele.

Mwaka 1873, huko Albany katika Marekani, Henry A. Homes alitoa kwa Kiingereza sehemu ya mwanzo ya kitabu hiki akiitoa katika Kituruki. Mwaka 1910 huko London, Claud Field akatoa kijitabu alichokitafsiri kutoka Kiurdu, na hiki cha Field ndicho kilichochapwa na kuchapwa tena mpaka leo. Kina milango minane. Minne ya kwanza ni zile anwani nne. Wa tano ni wa sama, yaani kusikiliza nyimbo na kucheza kwa wajdi. Wa sita ni wa kuihesabu nafsi na kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Wa saba ni wa ndoa. Na wa nane ni wa mahaba ya Mwenyezi Mungu. Hesabu ni nyepesi: katika misingi 40 ya Imam, minne tu ndiyo iliyopewa milango, nayo kwa kufupishwa.

Msomaji na atazame ni ipi iliyoanguka. Tohara imeanguka. Sala, zaka, saumu na hija zimeanguka, na adabu za kusoma Qur'ani pia. Nguzo ya ibada haikupewa mlango hata mmoja. Katika nguzo ya muamala, adabu za kula, kuchuma na kuuza, halali na haramu, suhuba, safari, kuamrisha mema na utawala, yote hayo hayakupata mlango. Lakini sama imepata! Kwa hivyo mtu anaweza kukifunga kitabu chenye jina la Imam mkubwa wa Kishafii akiwa anajua lini inafaa kusikiliza nyimbo, naye hajasomeshwa hata faradhi moja katika faradhi sita za udhu.

Tusimlaumu Field kupita kiasi. Aliandika katika mfululizo wa vijitabu vya hekima za Mashariki, kwa Waingereza ambao udhu na nisabu ya zaka havikuwahusu, akawachagulia alichodhani kitawafaa. Anayestahiki kuulizwa ni Muislamu anayekitwaa kijitabu hicho akasimama nacho juu ya mimbari kama kwamba ndicho kitabu kizima. Wala wanaosoma Kiarabu wasijione wamesalimika. Ipo risala fupi ya Kiarabu yenye jina hilo hilo la Kimiyaus Saada, inayochapwa pamoja na risala nyengine ndogo ndogo za Imam, na maneno yake yamekaa katika mambo ya kuijua nafsi tu. Tumewaona wanafunzi wakiinukuu risala hiyo wakidhani wameshika Kimiya yote.

Athari ya jambo hili tunaiona katika maswali yanayoletwa baada ya darsa. Kijana huja akasema: "Sheikh, mimi nasali lakini sioni ladha yoyote. Nikikaa pwani peke yangu nikatafakari, ndipo moyo wangu unapotulia. Je, si bora nishike lile linalonipa saada, maana hata Imam Ghazali amesema kwamba saada ni kumjua Mola kwa moyo?" Kijana huyu si mtu wa mzaha. Kitu alichokisoma kinasema hivyo, na hakikumwambia lililobaki. Na yuko mwengine, mtu mzima mwenye duka, halali usiku wa kuamkia Ijumaa ila machozi yamemtoka katika dhikri, na mizani yake ya dukani watu wanaijua. Naye pia ana saada yake.

Neno lenyewe linatupoteza. Kiingereza kimesema happiness, sisi tukaligeuza kuwa furaha, na furaha katika masikio ya watu ni jirani wa raha, starehe na anasa. Maneno haya manne asili yake ni Kiarabu, na aghlabu yake yamehama makwao. Raha huko kwao ni mapumziko. Starehe ni istiraha, kupumzika baada ya kazi. Anasa imetoka katika uns, yaani kuliwazika kwa kuwa na mwenzio, na sisi tumeifanya kuwa ni ya zulia na gari. Ama farah, ni mchangamko wa moyo, na katika Qur'ani umekuja kwa kukatazwa na kwa kuamrishwa: katika Suratul Qasas (28:76) Qarun anakatazwa na watu wake farah ya kujivunia mali, na katika Surat Yunus (10:58) waumini wanaamrishwa kufurahia fadhila na rehma ya Mwenyezi Mungu. Basi farah peke yake haisifiwi wala hailaumiwi mpaka ijulikane ni ya nini.

Lakini saada ni jambo jengine. Mzizi wake umekuja mara mbili tu katika Qur'ani nzima, na mara zote mbili katika Surat Hud, aya ya 105 na ya 108, ambapo mazungumzo ni ya Siku ya Kiyama, siku ambayo watu watakuwa mafungu mawili, la wenye shakawa na la wenye saada. Waarabu kabla ya hapo walilitumia neno saad kwa nyota ya heri, kinyume cha nahs, na sisi tumebakiwa na nuhusi katika hesabu zetu za falaki. Qur'ani ikalitoa neno hili kwenye nyota ikaliweka kwenye mwisho wa mja. Wazee wetu waliowaita watoto wao Saidi, Saada na Masudi walikuwa wakiwaombea jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Kwa istilahi hii, saada ni jina la pale mtu atakapofika. Utulivu wa jioni moja pwani ni neema, na mwenye kuupata amshukuru Mola wake, lakini kuuita saada ni kuita nazi kitale.

Sasa tuje kwenye ladha na maana, maana hapa ndipo watu wanapovutana. Wako wanaosema kwamba furaha ni ladha, na anayepata ladha nyingi na maumivu machache ndiye mwenye furaha. Kauli hii ni ya zamani na ilipata watu wa kuijibu zamani. Tabibu Abu Bakr al-Razi alisema kwamba ladha si chochote ila ni kuondokewa na maumivu na kurudi katika hali ya asili, kama mwenye kiu anavyoona ladha ya maji na aliyeshiba maji haoni. Ibn Hazm wa Andalusia (aliyefariki mwaka 456 Hijria) alitazama watu wanatafuta nini, akaona wote wanakubaliana katika jambo moja tu, kuifukuza dhiki ya moyo: mwenye kutafuta mali anaifukuza dhiki ya ufakiri, na mwenye kutafuta sifa anaifukuza dhiki ya kudharauliwa. Fakhruddin al-Razi, miaka miwili kabla ya kufa kwake mwaka 606, aliandika risala nzima ya kuzilaumu ladha za dunia, na ni risala nzito, yenye huzuni, ambayo hatumshauri mtu aisome akiwa na msiba. Baadaye Ibnul Qayyim akarejesha mizani, akasema kwamba ladha ni kitu kilichopo kwa nafsi yake, nayo ni kukidiriki kile kinachokufaa. Kuondoka maumivu kunakwenda pamoja nayo lakini siyo yenyewe.

Na wako wanaosema kwamba furaha ya kweli ni maana: mtu awe na jambo kubwa kuliko nafsi yake la kulitumikia. Katika wakati wetu kauli hii imepata nguvu kupitia elimu ya nafsi ya Wamarekani. Martin Seligman, aliyekuwa rais wa jumuiya ya wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998, alitoa mwaka 2002 kitabu alichogawa ndani yake maisha ya furaha mafungu matatu: maisha ya starehe, maisha ya mtu kuzama katika kazi inayofaa vipaji vyake, na maisha yenye maana, nayo ni kuvitumia vipaji hivyo kwa ajili ya kitu kikubwa zaidi. Kauli hii ina heri ndani yake, na makhatibu wetu wameipenda kwa sababu inawapa silaha dhidi ya starehe. Wanasimama wakasema: acheni ladha, tafuteni maana. Kisha wanamtaja Imam Ghazali kuwa shahidi wao.

Imam si shahidi wa upande huo. Katika Kitabul Mahabba cha Ihya, na katika msingi wa mahaba wa Kimiya, hakuiweka saada dhidi ya ladha hata kidogo. Amesema kwamba kila nguvu aliyoumbiwa mtu ina ladha yake, na ladha yake ni kupata kile ilichoumbiwa: tamaa ya chakula ladha yake ni chakula, ghadhabu ladha yake ni kulipiza, jicho ladha yake ni sura nzuri, na moyo ladha yake ni kujua. Na kujua nako kunapanda kwa utukufu wa kinachojulikana. Mtu aliyejifunza sataranji kidogo tu, ukimwambia anyamaze wengine wanapocheza, atashindwa; basi itakuwaje ladha ya kumjua Mfalme wa wafalme? Saada kwake ni ladha, na ni kubwa kuliko zote, kwa sababu kinachojulikana hakina mfano, na kwa sababu kifo, kinachozikata ladha za tumbo na za macho, hakiigusi hii.

Na ametoa mizani ya kujua ladha ipi ni kubwa. Mweke mtu baina ya chakula kinono na tamutamu upande mmoja, na cheo na kumshinda adui wake upande mwengine. Mwenye himma ndogo atachagua sahani. Mwenye himma kubwa ataacha kula siku nyingi kwa ajili ya cheo. Mtoto naye hujua mchezo tu, na ukimwambia habari ya ladha ya ndoa au ya uongozi atakucheka. Kwa mfano huo, mwenye cheo humcheka mwenye kupenda elimu na kumjua Mola, kama mtoto anavyomcheka mwenye cheo. Huu ni mpango wa ngazi, na aliye ngazi ya chini hatambui kuwa juu yake kuna ngazi.

Hapa tunataka msomaji asimame kidogo, kwani kuna jambo katika maisha ya Imam mwenyewe ambalo linaivunja kauli ya maana kama linavyoivunja kauli ya starehe. Mwaka 484 (1091) waziri Nizamul Mulk alimpa ualimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, naye ana umri wa miaka 34 kwa hesabu ya Hijria. Katika al-Munqidh minad Dalal ameeleza kuwa alikuwa akisomesha wanafunzi 300. Akiwajibu wanafalsafa na Batiniya, akitetea dini, akitoa fatwa. Kama maana ni kutumia vipaji kwa ajili ya jambo kubwa kuliko nafsi, nani katika dunia ya wakati ule alikuwa na maana kumshinda? Lakini mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095) ulimi wake ulifungwa, hakuweza kusomesha neno moja, na chakula kikawa hakishuki, mpaka matabibu wakakata tamaa. Alipoitazama nia yake katika kusomesha, aliiona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma ni cheo na kuenea kwa sifa. Ile maana yote ilikuwa ni ladha ya cheo iliyovaa kilemba.

Jambo hili Seligman hana chombo cha kulipimia, na hatumlaumu, kwani si fani yake. Lakini khatibu anacho, nacho ni ikhlasi. Akisema tu "tafuteni maana", huku ameiacha nia bila kuipekua, atakuwa amemhamisha mtu kutoka ladha ya sahani kwenda ladha ya cheo, na huenda amemhamishia pabaya zaidi, maana mlafi anajijua kuwa ni mlafi.

Turudi sasa kwa kijana wa pwani. Kwa nini Imam, aliyesema kwamba saada ni kumjua Mola kwa moyo, alitumia misingi kumi kwa tohara, sala na mfano wake, na kumi mengine kwa kula, kuoa na kuuza? Jibu liko katika jina la kitabu. Kimiya ni ile sanaa waliyoitafuta watu wa kale ya kugeuza shaba kuwa dhahabu. Katika utangulizi Imam anasema kwamba kimiya haipatikani katika kila kibanda; inapatikana katika hazina za wafalme, na hazina ya kimiya hii ni nyoyo za Mitume. Mwenye kuitafuta kwengine kazi yake itaishia kuwa ghushi. Na katika al-Munqidh ameifananisha ibada na dawa zenye kipimo. Tabibu akichanganya dawa, hii mara mbili ya ile, mgonjwa hajui siri ya kipimo, naye humeza. Vivyo hivyo sijda ni mara mbili ya rukuu, na sala ya alfajiri ni nusu ya sala ya alasiri, na siri ya hesabu hizo inajulikana kwa nuru ya utume, haitolewi kwa akili. Kwa hivyo fiqhi katika kitabu hiki ndiyo kipimo cha dawa. Aliyeondoa vipimo akabakisha sifa za afya amempa mgonjwa kitu kizuri cha kusoma kitandani.

Ama suala la ladha katika sala, Imam alilikabili waziwazi katika kitabu cha sala cha Ihya. Alishikilia kwamba khushui na kuhudhuria kwa moyo ndiyo roho ya sala, kisha akajiuliza: mbona mafakihi wamehukumu kusihi kwa sala bila ya hayo? Akajibu kwamba watoa fatwa wanahukumu kwa dhahiri, na kwamba haiwezekani kuwashurutishia watu wote kuhudhuria moyo katika sala nzima, kwani wanaoliweza hilo ni wachache. Basi likabaki sharti la chini kabisa, hata kwa lahadha moja, na lahadha inayostahiki zaidi ni ile ya takbiri. Huyu ndiye mtu ambaye kijitabu kinamtangaza kuwa ni mtu wa moyo tu! Hakumwambia asiyeona ladha aiache sala. Alimteremshia sharti mpaka kwenye takbiri, ili abaki ndani.

Kwa hivyo jawabu letu kwa muulizaji ni hili: sala yake ikikamilisha sharti na nguzo zake ni sahihi, na faradhi imemuondokea. Ladha hakuahidiwa katika kila rakaa, na kukosekana kwake si dalili ya kuwa njia si yake. Kutafakari kwake pwani kuna thawabu akikunuia vyema, bali kutafakari nako ni msingi mmoja kati ya 40. Lakini hakuna msingi uliowekwa ili mwengine ubomolewe.

Na mwenye duka? Imam ana mlango wake pia. Katika adabu za kuchuma ametaja habari ya Sayyidna Umar (R.A.) kuzunguka sokoni na kiboko chake akizuia asiyejua fiqhi ya biashara asiuze katika soko la Waislamu, kwa kuchelea asiingie katika riba bila ya kujua. Kisha amezungumza kwa urefu juu ya dirhamu ya ghushi. Mwenye kuipokea asiipitishe kwa mwengine, kwani yule atampitishia wa tatu, na dhambi itaendelea kutembea hata baada ya yeye kufa, muda wote dirhamu ile inapita mikononi mwa watu. Afanye nini basi? Aitupe kisimani. Zingatia mahali maneno haya yalipo: katika kitabu cha saada! Imam ameona kwamba mtu anaweza kukosa saada ya milele kwa kipande kimoja cha fedha alichompa mwenzake gizani, na kwamba kulia katika dhikri hakumrudishii mwenye mali mali yake.

Hatusemi kwamba kitabu kizima hakina la kutazamwa. Hadithi nyingi alizozitaja Imam katika Ihya ni dhaifu, na nyengine hazina asili. Al-Hafidh Zaynuddin al-Iraqi (aliyefariki mwaka 806) alifanya kazi kubwa ya kuzitoa na kuzihukumu, na Kimiya, iliyotoka katika tumbo la Ihya, haikuepukana na aibu hiyo. Mlango wa ndoa nao una maneno juu ya wanawake ambayo ni ya zama na mji wake zaidi kuliko kuwa ni ya sharia, na anayeusomesha awe na ujasiri wa kusema hivyo. Zaidi ya hayo, iko hoja moja nzito: ukisoma ngazi zake za ladha unaweza kudhani kwamba saada ni ya wajuzi wachache waliofika juu, na mvuvi, mama wa nyumbani na mchukuzi wa bandarini hawana fungu ila makombo. Hoja hii inamkaa Imam kwa kiasi fulani. Lakini inamkaa zaidi katika kijitabu kuliko katika kitabu, kwani ile misingi 20 ya mwanzo ndiyo njia aliyowafungulia watu wote, na ndiyo iliyokatwa.

Katika vyuo vya pwani yetu vilivyofuata mwendo wa masharifu wa Hadhramaut, Ihya ilikuwa ikisomwa baada ya mwanafunzi kupita katika Safina au mfano wake, na utaratibu huo haukuwa wa bahati. Mwenye kutaka kusomesha saada leo naye apange hivyo. Asiyejua Kiajemi anayo Ihya kwa Kiarabu, na anayetaka Kiingereza ipo tafsiri kamili ya Jay R. Crook katika mijalada miwili, iliyochapwa Chicago katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kijitabu cha Field kisomwe kama muonjo, na msomeshaji aseme wazi kuwa ni muonjo.

Tena tunapendekeza darsa ianze na hadithi ya furaha mbili za mwenye kufunga, waliyoipokea Bukhari na Muslim: furaha anapofuturu na furaha atakapokutana na Mola wake. Mtume (S.A.W.) ameziweka zote mbili katika maneno mamoja, na hakuilaumu ya kwanza kwa ajili ya ya pili. Mvuvi anazo zote mbili kama anavyozipata mwanachuoni. Imam Nawawi amefasiri kwamba furaha ya kufuturu ni kwa kutimia ibada na kusalimika na vyenye kuiharibu. Wengine wakasema ni furaha ya tabia tu, ya kuondokewa na njaa na kiu. Ibn Hajar (aliyefariki mwaka 852) alipozikusanya kauli hizi katika Fathul Bari alisema kwamba furaha ya kila mtu ni kwa kadiri ya daraja yake: yuko ambaye furaha yake ni mubaha, nayo ni ile ya tabia, na yuko ambaye furaha yake ni mustahabu, nayo ni ya mwenye kufurahia yale mengine. Chakula ni kile kile, tende ni ile ile, na adhana ni moja.

Wallahu aalam.